Mtoto asipoambiwa kuwa hela imeisha, anatunga lake kichwani

Naandika hii kwa ajili ya mzazi ambaye mwezi huu hela imeisha kweli, sio kubana matumizi, imeisha, na yuko ndani na watoto anajifanya hakuna kitu. Msimamo wangu nausema mapema: waambieni. Sio kila kitu na sio kwa namna yoyote tu, ila waambieni, kwa sababu mtoto asipoambiwa hakai hivihivi, anaangalia, anasikiliza, anaunganisha anachokijua na asichokijua, na anachokuja kukitunga mara nyingi kinatisha kuliko ukweli wenyewe. Hili nimekua nalo, ngoja nieleze.

Mimi ni wa Morogoro. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, na wanaoikumbuka Morogoro ya zamani wanajua ule mji ulikuwa wa viwanda, ngozi, viatu, turubai, nguo, upande wa Kihonda kule asubuhi watu wanamiminika na baiskeli kama mkutano. Alafu ikaja miaka ya tisini. 1992 serikali iliunda tume ya kurekebisha mashirika ya umma, na baada ya hapo viwanda vikawa vinauzwa, vingine vinakodishwa, vingine vinafungwa moja kwa moja, na watu wanapunguzwa. Baba akapunguzwa. Haikuwa baba peke yake, mtaa wetu mzima akina baba walianza kuonekana mchana, wakati zamani mchana mtaani ni akina mama na watoto tu. Nilikuwa darasa la nne.

Hakuna aliyetuambia kitu. Yani siku moja baba hakwenda kazini, wiki ikaisha, mwezi ukaisha. Mama akaanza kuamka usiku kuchoma vitumbua, kabla ya hapo vitumbua tulikuwa tunanunua sisi. Nyama ikapotea, maziwa yakapotea, ikawa matembele na mlenda, mlenda na matembele. Ukiuliza "mbona baba haendi kazini" unaambiwa nenda kacheze. Wanakuja wageni, wajomba, mzee wa kanisa, wanakaa na baba chini ya mwembe wanaongea kwa sauti ya chini, ukisogea wananyamaza.

Sasa jaribu kufikiria mtoto wa miaka ile alikuwa anasikia nini kila siku. Ilikuwa UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza waligundulika Kagera mwaka 1983, kufikia kipindi ninachosema mimi hakuna mtaa ambao haujazika. Redioni UKIMWI, shuleni UKIMWI, na mtaani wakubwa wanasema kwa mafumbo fulani kakanyaga miwaya, wakidhani watoto hatuelewi. Dawa za bure za kupunguza makali zilianza kutolewa 2004, wakati ule hakukuwa na cha kufanya. Na sisi watoto tulikuwa tunajua dalili, hakuna aliyetufundisha, tulizijua kwa kuona: mtu mzima anaacha kwenda kazini, anakaa kivulini, anakonda, wageni wanakuja wanaongea chinichini, baada ya muda linafungwa turubai nje. Na baba alikuwa anakonda kweli. Nimekuja kujua ukubwani kwamba alikuwa anaacha chakula ili sisi tushibe, lakini pale mimi niliona baba anakonda tu.

Kwa hiyo nikajua baba anakufa.

Nilikaa na hilo jambo muda mrefu sana kwa mtoto. Usiku naamka nasikiliza kama anakohoa. Sikumwambia mtu, sikumwambia hata dada yangu tuliyekuwa tunalala naye kitanda kimoja, maana niliona nikilisema litakuwa. Na nikaacha kutumia kikombe cha baba. Kilikuwa kikombe cha bati cha bluu, zamani akimaliza chai ananiachia ya mwisho kwenye kikombe chake na mimi ndo nilikuwa nafaidi, nikaanza kukataa, nasema sitaki, nimeshiba. Aliona. Siku moja aliniangalia tu akakiweka chini, hakuuliza. Mpaka leo najua alifikiri namkataa kwa sababu hana kazi.

Ukweli niliupata kwa bahati. Baba mdogo alikuja kutoka Kilosa, usiku wakawa wanaongea sebuleni, mimi niko macho kama kawaida yangu ya kipindi kile, nikasikia kiinua mgongo, nikasikia wamepunguzwa wote wa idara yetu, nikasikia wanasema hela hailipwi mpaka mashine ziuzwe. Nililala usingizi ambao sijawahi kulala. Asubuhi nilikuwa na furaha mpaka mama akauliza una nini wewe. Baba haumwi, hana kazi tu! Yani ile habari waliyoificha kwa nguvu zote wasituumize ndo ilikuwa habari nzuri kuliko zote nilizowahi kupata.

Simlaumu baba wala mama. Kwa kizazi chao mambo ya hela hayakuwa ya watoto, na aibu ya mwanaume kukaa nyumbani ilikuwa kubwa mno. Lakini nilijiapia.

Sasa tuje 2020. Naishi Arusha, mimi ni fundi cherehani, mume wangu ni dereva wa kutembeza watalii, na sio wa kuajiriwa, ni wale wanaoitwa kwa safari, analipwa siku alizokuwa porini na tipu, basi, hakuna mshahara wa mwisho wa mwezi wala mfuko wa pensheni. Familia za namna hii zipo nyingi sana Arusha na Moshi na maisha yetu yanakwenda kwa sizoni: Juni mpaka Oktoba ndo hela inaingia, Krismasi na Januari na Februari inaingia kiasi, masika Aprili na Mei mnakula mlichoweka. Mwaka ule ilipofika Machi safari zikaanza kufutwa, anakaa na simu mkononi zinafutwa moja moja. Tarehe 17 Machi shule zikafungwa. Tarehe 12 Aprili ndege za abiria za kimataifa zikazuiwa, zikaja kuruhusiwa tena 18 Mei, lakini kufungua anga ni kitu kimoja na mtalii kuja ni kingine, huko kwao wenyewe walikuwa wamefungiwa. Ile Juni ambayo ndo tulikuwa tunaisubiri itulipe ilifika na haikuwa na mtu. Na kwenye hayohayo sukari ikaadimika, mpaka serikali ikatangaza bei elekezi, na madukani bado unaikuta iko juu.

Tuna watoto watatu. Mkubwa wa kike alikuwa darasa la saba, wa kati wa kiume darasa la tatu, wote wawili kwenye shule ya binafsi ya Kiingereza, na kitinda mimba alikuwa chekechea.

Nilimwambia mume wangu tukae na watoto tuwaeleze. Alikataa kabisa. Akasema mama watoto, waache wale utoto wao, mimi nikiwa hai mwanangu asijue hela imeisha. Na sikuona kuwa ni ubishi, ilikuwa ni upendo, kwake yeye baba ni ukuta na ukuta hauanzi kuwaambia watu wa ndani kuwa unapata nyufa. Ndipo nikamweleza habari ya kikombe cha bluu. Tulikuwa tumeoana miaka mingi na sikuwahi kumsimulia, sikuwahi kumsimulia mtu yeyote kiukweli. Alinyamaza muda. Akasema sawa, ila nitaongea mimi.

Na hapo nakazia, aongee yule ambaye hela yake ndo imekatika. Mama akiwa ndo msemaji na baba yuko chumbani, watoto wanapata ujumbe kwamba baba kuna kitu anakionea aibu, au kafanya kosa. Akisema mwenyewe, kwa sauti yake ya kawaida, kakaa kwenye kiti chake cha kawaida, nusu ya woga inaondoka.

Tuliongea kwanza sisi wawili tukakubaliana nini kinasemwa na nini hakisemwi, na tukakubaliana asiahidi tarehe. Hili la tarehe ni zito. Mzazi anataka kufariji, anasema mwezi wa nane mambo yatakuwa sawa, mwezi wa nane unafika hayako sawa, mtoto anajifunza kuwa maneno ya baba kuhusu hela hayana maana. Tukachagua jioni ya Jumamosi, baada ya kula, sio usiku wa kulala, maana ukimpa mtoto habari nzito akienda kitandani anabaki nayo peke yake gizani.

Akawaambia hivi, nakumbuka karibu neno kwa neno: "Watalii hawaji kwa sababu ya huu ugonjwa ulioko duniani, kwa hiyo baba hana safari, na baba akiwa hana safari halipwi. Hakuna aliyekosea. Mimi siumwi na mama haumwi. Nyumba hatuhami, kodi tulishalipa. Chakula kipo ila kitabadilika, nyama itakuwa mara mojamoja, na king'amuzi hatulipii kwa sasa. Habari ya shule tutawaambia zikikaribia kufunguliwa. Kutafuta hela ni kazi yangu na mama yenu, nyie sio kazi yenu."

Ile ya nyumba hatuhami aliweza kuisema kwa sababu ilikuwa kweli, kodi ilikuwa imelipwa ya miezi sita. Ingekuwa sio kweli asingeisema. Wape watoto kitu kimoja ambacho hakibadiliki, na kiwe cha kweli, hata kama ni kidogo, hata kama ni kwamba tutaendelea kulala chumba kimoja wote na kusali pamoja jioni.

Kimya kidogo. Kitinda mimba akauliza kama chipsi zimeisha pia. Baba yake akamwambia chipsi za kununua zimeisha, viazi vya kukaanga na mama vipo, akaridhika akaondoka zake kucheza. Miaka mitano ndo hivo, anataka kujua kilichoko mbele yake tu, usimwongezee. Wa kati akakaa anamwangalia baba yake, akauliza taratibu, "Kwa hiyo baba huna corona?"

Mungu wangu. Nilisikia mwili mzima umekufa ganzi. Kumbe tangu baba yake aanze kukaa nyumbani, huku tivii kutwa nzima ni corona, mtoto alishaamua kuwa baba anayo na tunamficha. Miaka zaidi ya ishirini imepita, mji mwingine, ugonjwa mwingine, na mtoto wangu yuko palepale nilipokuwa mimi. Na ningekuwa nimekubali waachwe wale utoto wao angeendelea kukaa humohumo ndani na hilo jambo na tungemwona anacheza tu.

Mkubwa yeye hakusema chochote, na mimi kosa la kudhani amepokea vizuri sikutaka kulifanya, nikawa namwangalia. Baada ya siku chache nikaona anapunguza chakula, akisema ameshiba, na hiyo "nimeshiba" mimi naijua. Alafu akanifuata nikiwa kwenye cherehani, akasema mama mimi naweza kuacha shule nikusaidie kushona, wadogo ndo wasome. Ana miaka kumi na tatu na alikuwa ameshapiga hesabu zake zote, ada yake, nauli yake, hata kiasi gani fundi analipwa.

Mtoto mkubwa ukimwambia shida hasikii habari, anasikia kazi. Anasikia anaitwa. Hasa wa kike. Nilizima cherehani nikamkalisha, nikamwambia nimekuelewa na nashukuru, lakini jibu ni hapana na halina mjadala, kazi yako wewe ni mtihani wa Oktoba, na kula. Kula ni amri. Kisha nikampa kitu cha kufanya kweli, kwa sababu kumwambia mtoto wa umri ule "usijali" ni kumfukuza. Kipindi kile nilikuwa nashona barakoa za kitenge nauza buku buku, yani elfu moja moja, pale Kilombero sokoni na kwa watu wa ofisini, nikampa daftari aandike zimetoka ngapi zimebaki ngapi, na akitaka akate lastiki, saa moja kwa siku, baada ya hapo vitabu. Alilishika lile daftari kama mhasibu. Akaanza kula.

Lakini kuna mpaka niliuweka na naomba akina mama wenzangu mnisikilize hapa, maana naona tunakosea sana majumbani. Binti mkubwa sio shoga yako. Sikumwambia tuna deni la nani, sikumwambia shemeji kakataa kutukopesha, sikumwambia nimegombana na baba yake kuhusu hela ya mbegu za nyanya alizokwenda kulima Kikatiti. Nilitamani, usiku uko peke yako na yupo pale anaelewa na ana huruma, unatamani umwage yote. Sikumwaga. Hayo nilimpigia dada yangu. Mtoto akishajua hela imepungua na mnafanya nini, hiyo inamtosha. Akianza kubeba na nani kamdharau nani, atakuja kuwaangalia shangazi na wajomba zake kwa jicho lingine maisha yake yote, na nyie mtakuwa mmeshapatana zamani.

Shule zikatangazwa kufunguliwa 29 Juni. Ada hakuna. Hapa ndo pagumu kuliko pote, na ndo watu wengi wanaficha mpaka asubuhi ya siku yenyewe. Tuliamua wa kati ahamie shule ya serikali, huko ada hakuna, unabaki na sare na madaftari na michango ya hapa na pale. Mkubwa alibaki kwa sababu alishasajiliwa kufanya mtihani wa darasa la saba kwenye kituo kile na kwa Kiingereza, kumhamisha ingekuwa kuharibu, tukaomba shule tulipe kidogokidogo.

Wa kati alipoambiwa alilia, na swali lake lilikuwa la haki: kwa nini dada abaki? Nikamweleza kama nilivyoeleza hapo juu, mtihani, usajili, nikamwonyesha mpaka karatasi. Hakufurahi, ila aliacha kuuliza kama tunampenda dada zaidi, na hilo alikuwa ameliuliza. Nikamwambia pia kitu ambacho nilijua watoto wa mtaani watamwambia, kwamba watasema umehamia Kayumba, yani shule ya serikali, watakucheka siku mbili tatu, na sababu wewe unaijua, baba hana safari, mwaka huu Arusha nzima hakuna safari, unaweza kuwajibu hivo au usijibu. Ni bora alisikie kwanza kwa mama yake kwa upole kuliko alisikie njiani. Baba yake akampeleka kuiona shule kabla, wakatembea kutoka nyumbani mpaka pale, wakarudi.

Kilichomsumbua kweli wala hakikuwa wingi wa wanafunzi, ilikuwa hesabu kwa Kiswahili. Alikuwa anazijua zote lakini namba shufwa ni nini, namba witiri ni nini, anarudi nyumbani kanuna kwa sababu kajibu vibaya kitu anachokiweza. Tukawa tunakaa jioni mimi na yeye tunatafsiri daftari la zamani, na nakiri zile jioni ni kati ya vitu vizuri vya mwaka ule. Mwisho wa mwaka alikuwa sawa. Hajarudi shule ya binafsi tena, hela ilipopatikana tulimuuliza akasema yuko na marafiki zake.

Kuna jingine sijalisema, la wadai. Kwetu sisi mtoto ndo anatumwa. Anatumwa kwa Mangi, mwambie mama kasema atupe unga kilo mbili ataleta jioni. Mwenye nyumba akigonga mtoto anatumwa mlangoni, mwambie mama hayupo. Mimi mwenyewe nimetumwa hivo Morogoro, nimesimama dukani na watu wamejaa mwenye duka anafungua daftari anasoma deni letu kwa sauti, na ile fedheha ilikuwa yangu, sio ya mama, mama hakuwepo. Kwa hiyo 2020 nilisema mtoto wangu hatumwi kukopa na hatumwi kudanganya. Kwa Mangi nilikwenda mwenyewe. Mama mwenye nyumba alipokuja Oktoba, kodi ile ya miezi sita imeisha, nilitoka nje mwenyewe watoto wapo barazani wanasikia, nikamwambia mama yangu shikamoo, hali unaiona, nina laki moja hapa, nyingine nitakuwa naleta kila mwisho wa mwezi, nikishindwa nitakuja kukuambia kabla hujaja. Alinung'unika, akapokea. Watoto walisikia yote na dunia haikuisha. Wa kati baadaye nikamsikia anamwambia mwenzake kuhusu gololi alizokopa, "nakupa mbili leo, tatu Jumamosi, nikikosa nitakuambia."

Na ndugu muwaambie mapema watoto wameambiwa nini. Sisi shangazi mmoja alikuja akawaambia wanangu kwa huruma kabisa "maskini wanangu, baba yenu ndo hivo tena kaanguka," na ilibidi tukae nao upya. Tangu hapo tukawa tunapiga simu kabla ya mgeni kuja: watoto wanajua safari hakuna, hawajui zaidi ya hapo, tafadhali.

Watu huniuliza, na kama shida ni ya kujitakia? Kama sio corona wala kupunguzwa, ni madeni? Mdogo wangu yuko Dar, alijiingiza kwenye mikopo ya mtandaoni, ile ya kwenye simu, anakopa huku kulipa kule. Alipochelewa wakaanza kutuma meseji kwa watu wote walioko kwenye simu yake, na mmojawapo ni mzazi wa kwenye grupu la darasa la binti yake. Meseji inasema huyu ni tapeli, mwambieni alipe. Benki Kuu ilikuja kutangaza Novemba 2024 orodha ya aplikesheni 69 za mikopo zinazofanya kazi bila leseni, lakini kwa wengi mambo yalishatokea. Akanipigia analia, nifanyeje, mtoto akisikia je. Nikamwambia mtoto kesho anasikia darasani, una usiku huu tu, kaa naye sasa.

Alikaa naye. Binti yuko kidato cha kwanza, swali lake la kwanza lilikuwa, "Mama, umeiba?" Ndo alichokuwa anaelewa kwenye neno tapeli. Mdogo wangu akamwambia sijaiba, nimekopa, nimeshindwa kulipa kwa wakati, hilo ni langu na nitalilipa, na hao wanaotuma meseji kwa watu hawana haki hiyo. Akamwambia tutahama chumba tupate cha bei nafuu Mbagala, shule huhami. Akamwambia pia wakikusema darasani nenda kwa mwalimu wako wa darasa, nimeshampigia. Na alikuwa amempigia kweli, kabla. Mtoto alikasirika, alikaa na hasira wiki kadhaa, na mdogo wangu hakumlazimisha asamehe haraka. Mtoto ana haki ya kukasirika. Kwenye deni la kujitakia unaongeza jambo moja tu, unasema ni langu, bila kujieleza sana na bila kumlilia mtoto ili yeye ndo akubembeleze.

Saivi watalii wamerudi, mume wangu yuko porini mara nyingi kuliko nyumbani, lakini desturi imebaki. Masika yakikaribia tunakaa tunawaambia akiba iko kiasi gani kwa maneno ya umri wao, kitinda mimba ambaye 2020 haikumbuki kabisa anauliza chipsi vilevile. Mkubwa alimaliza kidato cha nne 2024, na 2025 akapangiwa kidato cha tano shule ya bweni ya serikali, ada huko nayo iliondolewa 2022, lakini fomu ya kujiunga ina mambo yake, godoro, tranka, shuka, ndoo, reki na jembe, nauli ya basi kwenda mkoa mwingine. Akaja nayo mezani imeshapigwa alama kwa kalamu: tranka la mama mdogo lipo zima, ndoo ipo, shuka atashona mwenyewe, na akauliza hela iliyopo ni kiasi gani ili ajue vilivyobaki vipi vianze. Nikamtajia. Godoro tukanunua Juni, vingine tukanunua Julai wiki ya kuripoti, baba yake aliporudi Serengeti na kulipwa.